Wembe wa Vita na Kichwa cha Sangala

Kwako Baba mkubwa, popote ulipojificha Bujumbura,

Hali sikuulizi. Wanaokuona wanasema umenenepa, na wembe ule bado unatembea nao mfukoni mwa shati. Mimi ni mzima, tena sijawahi kuwa mzima namna hii. Mwezi wa kwanza wa ndoa yangu haujaisha. Saidi ananiamsha kwa chai ya tangawizi aliyoichemsha mwenyewe. Tukitoka sokoni Rumonge ananishika mkono mbele za watu, na mtu akicheka, ananishika mikono yote miwili. Juzi alinisomea kwa sauti karatasi iliyofungiwa karanga, mimi nikaona ni shairi. Nakuambia haya makusudi. Najua yatakuuma, na nataka yakuume.

Nimeiacha barua hii wazi, kila anayekujua aisome, kwa sababu hadithi yako nayo ulikuwa ukiisimulia wazi.

Unakumbuka Ijumaa zetu? Baba yangu alikuwa ameshafariki, na mimi nilikuwa bado mdogo wa kulala mapajani mwako. Ulikuwa ukirudi msikitini unakaa uani, unatandika kitambaa chekundu, unautoa wembe wa kukunja. Kazi yangu ilikuwa kuupaka mawese usishike kutu. Niliupaka kwa kidole, taratibu, kama mtu anayempaka mtoto mchanga mafuta, mpaka bapa likageuka rangi ya chungwa, nawe ukisimulia. Babu alikwenda vitani na jeshi la Wabelgiji hadi Uhabeshi. Babu aliingia hemani kwa kapteni wa Kitaliano, akamkata koo kwa wembe wake mwenyewe. Lile pengo dogo karibu na ncha ya wembe lilitokana na mfupa wa shingo ya kapteni.

"Hiyo ndiyo damu yako," ulikuwa ukiniambia. "Sisi si watu wa kuokotwa njiani."

Nilikuamini. Nilikupenda pia, na hilo ndilo linalonichukiza zaidi leo.

Upande wa pili wa mpini hukuwahi kumwonyesha mgeni. Upande mmoja ni pembe nyeusi inayong'aa. Upande mwingine ni kipande cha mti tu, kimefungwa kwa waya wa shaba. Mimi niliujua kwa sababu niliupaka mafuta. Wewe mbele za watu uliushika kiganja kikifunika mti. Nilidhani unaona haya kwa niaba ya Babu.

Halafu akaja Saidi wangu kuposa. Ulimuuliza kwao ni wapi. Akakujibu kwa adabu kwamba babu na bibi yake walikuwa watu wa Gatete, wakavuka ziwa kukimbilia Tanzania mwaka ule wa mauaji, sabini na mbili, na kwamba yeye alizaliwa kambini. Waliporudi walipewa nyumba huko karibu na Kigwena. Ukamuuliza jina la babu yake. Alipolitaja, uliweka kikombe chini chai ikiwa bado nzima.

"Binti yetu haendi kwa watu wa mahema," ulisema. "Warapatriye, hawa waliorudishwa kutoka ukimbizini, hawana mizizi. Leo wako hapa, kesho wako ng'ambo. Babu yako alifanya nini vitani?"

"Sijui, Mzee," Saidi alisema. "Mimi nilirithi jina lake tu."

Ulicheka meno yote yakaonekana. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na sinia la maandazi, na hapo ndipo nilipojua kwamba nitaolewa na mtu huyu hata ikibidi nimfuate kwa miguu. Mtu anayesema "sijui" mbele yako, Baba mkubwa, ni mtu adimu.

Wazee walikubembeleza wiki nyingi mpaka ukakubali, kwa uso wa mtu anayemeza dawa. Na kwa kuwa ulikubali, ilibidi desturi ifuatwe, ile uliyoianzisha mwenyewe: kila anayeoa binti wa nyumba yetu anakuja uani kwetu asubuhi ya ndoa, unampaka povu, unamnyoa kwa wembe wa vita huku ukisimulia habari za kapteni. Mwanamke mzee wa upande wa bwana harusi anakinga kanga chini ya kidevu ili nywele zisianguke zikakanyagwa. Usingeuleta wembe, watu wangeuliza kwa nini. Ulifikiri watatuma shangazi yeyote. Hukujua kwamba Bibi yake Saidi, mwenye jicho moja linaloona, angeshuka mwenyewe kwenye basi la kutoka Nyanza-Lac, kanga yake kwapani.

Nilikuwa ndani, hina mbichi mikononi, pazia nimelisogeza kwa kiwiko. Saidi alikuwa amekaa kwenye kiti, povu mpaka masikioni, na hata na povu alikuwa mzuri. Shavu la kulia ulikuwa umelimaliza. Ulikuwa umefika pale kwenye koo la kapteni. Bibi akasema, "Ngoja kidogo, baba. Hilo pengo unasema lilitoka wapi?"

"Kwenye mfupa wa shingo, Bibi."

"Geuza mpini tuone."

Hukugeuza.

"Upande huo unaoficha iko mti," Bibi alisema. "Iko na waya ya shaba. Pembe ilivunjika, bwana yangu akaifunga mwenyewe, nimekaa karibu yake." Kisha akakuinamia na lile jicho lake. "Na wewe si ule mutoto wa jirani yetu Gatete? Siku ile mama yako ameazima kisu changu. Nikapasua kichwa cha samaki, sangala, na wembe wa bwana, ukang'oka hapo. Bwana akaninunia mpaka kesho yake. Na kile kichwa nani alikula? Ulikula wewe. Ulinyonya mpaka macho."

Ua zima liliangua kicheko. Mzee mmoja alilazimika kushika ukuta. Saidi alikuwa anatetemeka chini ya povu, amefumba macho, anajitahidi kukuheshimu.

Bibi hakucheka. Alieleza, huku bado ameikinga kanga yake, kwamba mumewe alikuwa mtu mzima sana alipomwoa, vita vilikwisha zamani. Hakumuua mtu. Alikuwa akibeba majeruhi na kuwanyoa, kwa sababu mgonjwa akinyolewa anakumbuka kwamba ni mtu. Daktari wa kambi ya jeshi ndiye aliyemwachia wembe walipoagana. Siku walipokimbilia ziwani, mumewe alimpa Babu yetu wembe huo juu ya ua wa matete, akamwambia, "Kaa nao mpaka nirudi." Hakurudi. Alifia kambini Tanzania na ndevu zake, kwa kuwa wembe mwingine hakuutaka.

Kwa hiyo Babu yetu hakwenda vita vyovyote. Alilima muhogo na akatunza amana ya jirani, na kwa hilo nampenda kuliko nilivyompenda yule shujaa wako. Wewe uliikuta amana ukaifanya mirathi. Nayo si amana peke yake. Michikichi iliyo ng'ambo ya mtaro kule Gatete, ile unayoivuna kila msimu, nani aliipanda? Sasa naelewa kwa nini kikombe kilikushinda. Hukuogopa kwamba Saidi hana mizizi. Ulikuwa unakamua mawese ya mizizi yake.

Ulikunja wembe ukasema unakwenda kutia udhu. Ulikwenda ukapanda gari la Bujumbura. Walii wangu wa kuniozesha ulikuwa wewe, na ulijua. Ulidhani ndoa itafia pale, mimi na hina yangu, Saidi na shavu moja lililonyolewa na moja lenye povu linalokauka.

Baba mdogo, mdogo wako ambaye hukuwahi kumkalisha mkekani kwako kwa sababu ananuka ndagala, wale dagaa wa ziwani, alinawa mikono mara moja, akanusa, akanawa tena, akaja kusimama mahali pako. Saidi alimalizia shavu la pili kwa wembe wa dukani, bila kioo, akajikata kidevuni. Alisema "nimekubali" huku damu kidogo ikimtoka. Kidonda kile nimekibusu mpaka kimepona, na sasa nasikitika kwamba kimepona.

Nimekufikiria sana, Baba mkubwa. Watu wa Saidi walikimbia risasi, watoto mgongoni, wakakaa ugenini umri wa mtu mzima, wakarudi kichwa juu. Wewe umekimbia bibi kizee aliyeshika kanga. Na barabara ya kurudi ni ya lami.

Nilitaka nije mwenyewe niutoe wembe mfukoni mwako. Saidi akaniambia nimuulize kwanza Bibi, kwa kuwa ni wa mumewe. Nilimkuta Kigwena anaanika muhogo. Aligeuza kipande kimoja, akageuza kingine.

"Mwandikie," akasema, "akae nao mpaka arudi."

Basi nimekuandikia. Mungu akitujalia mtoto, siku ya saba tutamnyoa kwa wembe wa dukani, na Bibi atakinga kanga. Ukipenda kuja, njoo na wembe, mpini umeugeuza mti juu, uuweke mkononi mwa Bibi mbele ya watu wale wale. Hatutakufukuza. Kutakuwa na sangala, na kichwa nitakuwekea mimi mwenyewe.

Nakuaga bila machozi.

Mtoto wa marehemu mdogo wako,
mke wa Saidi.