Bosi Amekuwa Kijana

Mwanangu mpenzi,

Natumaini hujambo, wewe na mkwe wangu, na kile kikohozi chako kimekwisha. Mimi mzima. Goti linalalamika kidogo asubuhi, lakini cherehani bado nakanyaga mwenyewe.

Uliuliza habari za Bosi. Yule mtoto wa mbwa mpole uliyeniletea ndani ya koti hayupo tena. Ujana umempanda kichwani. Zamani nikimwita alikuja mbio hadi anajikwaa. Sasa ananitazama, anageuza shingo, anaendelea na shughuli zake. Amenikumbusha wewe ulipoanza kuota ndevu.

Tena anatafuna. Alianza na mguu wa meza ya kukatia vitambaa, akamalizia na viatu vyangu vya kutokea. Nikavipeleka kwa fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, yule aliyefiwa na mkewe. Alicheka hadi akavua miwani, akasema viatu havina kosa, kosa ni la mwalimu. Niliudhika. Lakini akanieleza kwamba amewahi kufuga, na kwamba mbwa wa umri huo hajasahau kitu, anakupima tu. Nisipige kelele, nisimkimbize. Nianze upya na yale yale ya utotoni.

Basi jioni, fundi akishafunga kibanda chake, tukawa tunamtembeza pamoja. Bosi akivuta kamba, tunasimama, akitulia, tunaendelea. Mwanzoni hatukufika hata kwenye kona. Watu walidhani tunasubiri gari. Na katika kusimama huko, tukazungumza.

Wiki iliyopita mteja aliacha mlango wazi, Bosi akachomoka. Nilipotoka alikuwa ng'ambo, ameniona, anataka kunirudia, na lori la mchanga linakuja. Kumwita kungemuua. Nikateremsha mkono kama tulivyomzoeza, nikamwambia kwa sauti ya kawaida tu, "Lala." Mwanangu, alilala. Lori likapita, vumbi likatua, yeye yupo pale pale, mkia unapiga lami. Fundi alimshika ukosi, akamvusha hadi kwangu, na ndipo nikaona kwamba fundi mwenyewe analia.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Jioni ile fundi aliniuliza kama ningekubali tuoane, nami nimekubali. Nimetaka ulisikie kwangu kabla majirani hawajakupigia simu. Marehemu baba yako nilimpenda, na bado nampenda. Fundi analijua hilo, tumelizungumza mara nyingi tukimsubiri Bosi atulie. Usinihurumie, wala usidhani ni upweke ulionisukuma. Nacheka sana siku hizi.

Nguo yangu nimeshaikata, imebaki kushona mikono. Njooni wote wawili mle nasi kabla hatujaandikisha ndoa. Fundi ana wasiwasi kwamba utamkataa. Nimemwambia atulie, mwanangu namjua, nilimlea mwenyewe.

Mkwe wangu mpe salamu nyingi, umwambie aniletee vipimo vyake nimshonee na yeye.

Ni mimi,
Mama yako