Koti la Mwenye Nyumba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepata nafuu. Shemeji hajambo? Watoto je? Mimi mwili hauna neno, namshukuru Mungu. Habari kwamba mdogo wetu ameshafunga mizigo na wiki ijayo anakuja kwangu nimezipata, na ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujamwambia lolote.

Huku ninakoishi ni kuzuri, hilo sikuwadanganya. Miti imekutana juu ya barabara, hata mchana unatembea kivulini. Kuta ni ndefu, michongoma imekatwa sawasawa kama nywele za bwana harusi, na kila lango lina kamera yake. Siku za kwanza nilizunguka mtaa mzima nikishangaa. Utasikia maji ya kumwagilia bustani, utasikia mbwa, lakini watu huwasikii. Wenye nyumba hupita ndani ya magari ya vioo vyeusi. Wanaotembea kwa miguu ni walinzi, wafanyakazi wa ndani, na mimi.

Kazi yangu niliwaambia ni kusimamia nyumba. Kwa kweli ni kutembea. Kila jioni navaa koti la kahawia la mwenye nyumba, viatu vyake na kofia yake, namshika mbwa wake, nazunguka mtaa taratibu, kisha narudi. Yeye mwenyewe haonekani. Anaishi chumba cha nyuma, mapazia yamefungwa, na chakula anapelekewa na mpishi. Aliniambia ni mgonjwa na hapendi majirani waanze kuulizauliza, hivyo wakiliona koti watajua yupo. Nilicheka moyoni, nikasema kazi ni kazi. Na unanijua, dada, hamkuniita Maringo bure. Walinzi walipoanza kunipigia saluti na kuniita mzee, nilitembea kifua mbele mpaka mbwa akawa ananishangaa.

Kisha nikaanza kuona mambo. Koti lina kiraka mgongoni, chini ya bega, kimeshonwa vizuri kwa uzi mpya. Nilimuuliza mpishi, akasema lilichanika kwa yule aliyekuwapo kabla yangu. Nikamuuliza huyo mtu yuko wapi, akasema aliacha kazi, akaendelea kumenya viazi bila kuniangalia. Hata hivyo viatu vya huyo mtu, vile vyake mwenyewe, vimo bado chini ya kitanda ninacholalia. Sijawahi kusikia mtu anaacha kazi akasahau viatu.

Baadaye likaja gari la kijivu. Husimama kwenye kona ya ukuta mweupe, chini ya mti mkubwa, injini ikinguruma polepole. Nikipita linanifuata hadi langoni, kisha linaondoka. Juzi kioo kilishuka kidogo. Aliyekuwa ndani alinisalimia kwa adabu zote, akanitaja kwa cheo cha bosi wangu, akasema wamenivumilia vya kutosha na wiki ijayo watayamaliza. Kabla sijasema si mimi, kioo kilikuwa kimeshapanda. Mbwa alijikunyata miguuni pangu.

Sasa naomba unisamehe, dada. Gari lilipoanza kunifuata, nilimwomba bosi aniruhusu niondoke. Kitambulisho changu anacho yeye. Alinijibu akiwa nyuma ya mlango kwamba nitakipata siku nitakapomletea mtu wa umbo langu, ambaye koti litamkaa vizuri. Nikamkumbuka mdogo wetu. Unakumbuka mama alivyokuwa akituchanganya tukimpa mgongo, akamchapa mmoja kwa kosa la mwingine? Ile barua ya kumwita, iliyojaa habari za bustani na chumba chake mwenyewe, niliiandika huku najua. Sikumwita aje kustarehe, nilimwita avae koti. Naona aibu hata kuyaandika haya.

Jibu lenu ndilo lililonivunja. Mliposema amefua nguo zake zote na anawatangazia majirani kwamba kaka yake hakumsahau, nilitafuta karatasi nikuandikie.

Basi asije. Leo jioni nitatoka kama kawaida, maana mpishi hafungui lango mpaka anione ndani ya koti. Nikiwa sijafika ile kona nitalivua, nilitundike kwenye michongoma ya watu, nimfungue mbwa, nishike barabara kuu na shati langu. Kitambulisho na kibaki. Ombi langu kwa Mungu ni kwamba wale wa kwenye gari wawe wanalijua koti tu, hawajaikariri sura. Barua hii nampa mama anayefua nguo hapa. Yeye angalau hutoka na kanga yake mwenyewe.

Mdogo wetu usimweleze haya, atataka kunifuata. Mwambie kaka yake ni mchoyo, amepata pazuri na anataka kula peke yake. Akinuna mwache anune. Na wewe ninunie ukipenda, mradi yeye awe hapo nyumbani akininunia.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama mwambie nampenda, ila usimwambie nimekutuma.

Ni mimi mdogo wako,

Maringo