Miche ya Blažena

Jumatatu, 4 Mei
Gari la hospitali lilikuja kumchukua Blažena, naye akalirudisha. Hataki tena kusafishwa damu. Miaka sita mashine imefanya kazi ya figo zake – basi, imetosha. Dereva akanitazama mimi, kama vile mdogo wangu ni mtoto wa kushurutishwa. Daktari kwenye simu alisema wiki moja, pengine mbili. Hatateseka sana, alisema.

Mchana aliomba supu ya viazi. Viazi visivyolowekwa! Miaka yote hii nimekuwa nikiviloweka usiku kucha ili yatoke yale madini yanayomdhuru moyo. Akala bakuli mbili, akashushia kwa bia. Nikaenda kusimama bafuni.

Jumanne, 5 Mei
Anachoulizia ni bangi yake tu. Miche mitatu iko dirishani jikoni, kama sheria ya huku kwetu inavyoruhusu. Kila vuli huichemsha kwa mafuta ya nguruwe, akatengeneza dawa ya kupaka magoti ya kijiji kizima. Mimi kazi yangu ilikuwa kufungua madirisha na kulalamikia harufu.

Nikamuuliza inatolewa nje lini. Akacheka. Dada, umekaa na bangi miaka thelathini na hujui? Ni baada ya siku za watakatifu watatu wa barafu, kuanzia tarehe kumi na mbili – Pankrác, Servác na Bonifác – na Žofie naye apite, tarehe kumi na tano. Kabla ya hapo umande ukiganda jalidi usiku mmoja tu, miche imekwisha. Kwa sasa ni kuizoesha: mchana nje kivulini, jioni ndani.

Tarehe kumi na tano. Nikapiga hesabu kichwani. Akaniona nikiipiga.

Alhamisi, 7 Mei
Miche naibeba nje, nairudisha. Jana niliisahau juani, jani moja limeungua likawa jeupe. Sikumwambia.

Analala zaidi. Ngozi inamwasha, namkuna mgongo mpaka kucha zinauma. Jirani Otakar alikuja kumjulia hali. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akaanza kusimulia magoti yake, kisha akaona haya.

“Usione haya, Otakar,” Blažena akamwambia kutoka kitandani. “Ninayekufa ni mimi. Magoti yako bado yana safari.”

Mzee alicheka hadi akajifuta macho. Mimi sikuweza.

Jumapili, 10 Mei
Nimefanya upumbavu.

Kulikuwa na joto, nyuki, kila kitu kimechanua. Blažena alikuwa macho saa moja tu tangu asubuhi, nikaona wazi kwamba hataifikia siku ya Žofie. Nikachimba chini ya dirisha lake, nikaipanda miche yote mitatu. Nikamwinua kwenye mito aone. Nilitaka afurahi, basi. Akatazama nje.

“Nani kakwambia uitoe?”

Nikasema nimeitoa kwa ajili yake.

“Mimi nimeiona miaka yote. Majira ya baridi yakija atapakwa dawa nani, mimi? Ing'oe, Ludmila. Leo hii.”

Ludmila. Si dada. Hajawahi kuniita hivyo, hata tulipogombania nyumba.

Nikaing'oa. Mmoja mizizi ilikatika mkononi, nikaisikia. Nililia palepale nimepiga magoti, nikijifanya napangusa udongo kwenye vyungu. Niliporudi ndani alikuwa amelala. Sijui kama alilala na hasira. Nimekaa karibu naye mchana kutwa nikingoja afumbue macho nimuulize, na hakufumbua.

Jumanne, 12 Mei
Pankrác. Asubuhi nyasi zote nyeupe kwa jalidi. Viazi vya Otakar vimeungua majani, vyeusi, kama vimemwagiwa maji ya moto.

Nikaenda kumwambia Blažena kwamba alikuwa sahihi. Alifumbua macho! Akasema kitu kuhusu maji na kuhusu mama. Hakusema kitu kuhusu bangi. Nikamwomba radhi hata hivyo. Sidhani alisikia.

Radka, muuguzi anayekuja nyumbani, alinionyesha jinsi ya kumlowesha midomo kwa pamba. Akauliza nina nani mwingine. Nikamwonyesha kitanda. 

Alhamisi, 14 Mei
Hakuamka. Mche uliokatika mizizi umelala ubavu, nimeuegemeza kwenye kijiti. Ile miwili imesimama. 

Ijumaa, 15 Mei
Žofie. Mvua nyembamba, hewa ya vuguvugu. Redio inasema jalidi limekwisha.

Bado anapumua. Anapumua, anaacha mpaka nainuka kitini, kisha anapumua tena. Radka alisema ni leo.

Otakar amekuja na sepeto. Hakuuliza hali, ameuliza tu kama tunapanda. Nimemwambia asubiri kidogo. Ameketi kwenye benchi mvuani, sepeto kati ya miguu, hataki kuingia. Vyungu vitatu viko mezani hapa karibu na daftari. Siwezi kumpa. Nikitoka navyo nitakosa kuwa hapa, na nikivitoa Blažena akiwa bado anapumua, itakuwa tena nimeitoa bila ruhusa yake. Najua hii si akili. Anayejua wakati ni yeye, na mimi sikuwahi kumuuliza anaujuaje. Nilidhani ni kalenda tu.

Ameacha tena. Nimeinuka. Amepumua.

Otakar amegonga kioo kwa kidole kimoja, taratibu. Nimempungia mkono kutoka hapa nilipo: bado.