Ukuta wa Kibla Niliouziba

Baba yangu uliyetangulia,

Nakuandikia nikiwa Mabela, kwenye chumba chako cha mbele, vumbi la kijijini bado liko kwenye viatu. Nimetoka Qurayyat. Msikiti wako mkongwe haupo tena, na kabla hujasikia kwa mwengine nataka usikie kwangu: mimi ndiye niliyeuangusha.

Kila mwaka kabla ya Ramadhani ulikuwa ukinitoa kitandani baada ya alfajiri, tukapakia ndoo na majembe kwenda kuukandika. Kazi yangu kukoroga udongo na makapi ya ngano. "Huu udongo au uji?" ukinambia, na mkono wako umeshauchota.

Siku moja nilikuuliza mbona hauna mnara. Ukanionesha sahibu yako Khalfan, mwadhini, akipanda zake ngazi nyembamba mpaka juu ya paa. "Waliojenga hawakutaka kujionesha," ulisema. Ni nani hao, hapana aliyejua. Khalfan alisema babu wa babu yake aliukuta ukiitwa mkongwe.

Ndani palikuwa na kiza na ubaridi, nguzo nne nisizoweza kuzikumbatia, boriti za mitende, na kwenye ukuta wa kibla ile mihrabu ya chokaa iliyochongwa maua, bakuli la kaure limepachikwa katikati. Ulinambia msikiti wa mtaani kwenu Unguja ulikuwa na bakuli kama hilo. Watu huku ng'ambo walikuwa wakikuita mgeni miaka na miaka, ila siku uliyoliona bakuli lile ndiyo siku uliyojihisi umefika kwenu. Ulikuwa ukilifuta mwenyewe, kwa ncha ya kilemba chako.

"Ukuta wa udongo ukinywa maji lazma uyateme," ulikuwa ukisema. "Usije ukauziba mdomo, mwanangu."

Nilisikia. Lakini ulipokufa nikataka kukutolea sadaka ya kudumu, na udongo nikauona kitu cha kimasikini, kila mwaka kurudia. Na kusema kweli, nilikuwa mvivu. Nikaleta mafundi na simenti. Wakaupiga lipu ukuta wa kibla, nje na ndani, ukang'ara. Khalfan alilia kwa furaha. Mimi nikapiga picha, nikawatumia jamaa wote.

Mvua za mwaka huu zilipokuja ukuta ule ukaanguka, na paa juu yake, baina ya adhuhuri na alasiri, hapakuwa na mtu ndani. Mihrabu ilikwenda nao. Nilibandua gamba la simenti kwa mikono yangu. Udongo uliokuwa nyuma yake ulikuwa uji, Baba. Bakuli nimeliokota vipande vipande, viko hapa mezani kwenye kitambaa.

Hapana aliyenilaumu. Wanasema mvua. Leo waliniita kunambia watajenga mwengine wa matofali, na juu ya mlango watachonga jina lako, kwa kumlea mtoto aliyeutunza ule wa zamani.

"Babako yuko radhi na wewe," Khalfan alinambia, kanishika mkono. "Mie nnajua."

Nikaitikia amin. Naona haya hata kukuombea dua.

Pumzika, Baba. Watu watakuombea rehema kila wakipita chini ya jina lako. Kwa nini ule wa zamani ulianguka, ni wewe peke yako niliyekwambia.

Mwanao, mkoroga udongo wako