Dawati la Mkwe Wangu

Jumanne usiku.

Na dawati halikutoa hata mlio! Marwa, mume wa binti yangu, fundi seremala, alishafunga mizigo avuke mpaka aende Isebania, Kenya, kutafuta kazi. Leo ofisa wa halmashauri kaja kukagua dawati lake la mfano.

Mimi na mke wangu tukalikalia kulijaribu.

"Fundi, na wewe kaa hapo," ofisa akamwambia Marwa.

Akagoma.

"Huliamini dawati lako?"

Nikaona kazi inaponyoka. "Mkubwa, huyu ni mama mkwe wake. Kwetu Wakurya hakai naye benchi moja. Kaa wewe, na kitambi hicho!"

Akacheka, akakaa, akaagiza madawati ya shule nzima.

Halmashauri nimeitukana sana. Leo naisifu, imenunua hapa hapa Nyamisangura. Binti yangu anaimba jikoni. Isebania watafute fundi mwingine.