Lenzi Iliyofika Baada Yako

Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikakaa kidogo nasubiri, ujinga gani huu, maana sijazoea kukuamkia usiitikie. Marahaba yako ilikuwa inafika kabla mtu hajamaliza kutamka.

Ni mimi Paskalina, "mwalimu" wako, kama ulivyoniita ukitaka kunichokoza. Nimekaa kwenye kiti chako cha kamba karibu na zizi. Jua bado halijazama vizuri na Mama yuko jikoni, nasikia mwiko. Kuna jambo nataka kukuambia. Mama halijui, kaka Faustini halijui, na daktari nilimdanganya nikimtazama usoni. Nitafika huko, nivumilie. Nianze na habari za nyumbani, maana ungekuwepo ungeuliza ng'ombe kwanza ndipo watu.

Ng'ombe wazima. Yule mweusi mwenye baka amezaa jike. Mahindi ya bondeni yamekubali, mbaazi zimeliwa na wadudu. Faustini amehamisha lango la zizi bila kumuuliza mtu, Mama akanuna wiki nzima. Viatu vyako vya mpira bado viko mlangoni, hakuna aliyethubutu kuvigusa. Kila asubuhi navikuta vimeelekea nje, na kila asubuhi najiuliza kama jana navyo vilielekea hivyo hivyo. Najua vilielekea hivyo. Lakini najiuliza.

Na lenzi imefika, Baba.

Ilikuwa wiki ya tatu tangu tukuzike. Simu yako ninatembea nayo mimi, kwa sababu watu wa Gehandu bado wanapiga wakitaka Bwana Mifugo, na mtu lazima awaambie. Ikaita nikiwa ofisini shuleni. Ni dada wa ofisi ya mabasi Katesh. Akasema, "Shikamoo mzee, mzigo wako umefika, njoo na kitambulisho." Nami nikaitika marahaba. Mungu wangu, niliitika kwa niaba yako, na sauti ilitoka nzito kiasi kwamba yule dada hakushtuka hata kidogo. Walimu wenzangu wakanigeukia. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi mpaka kengele ilipolia.

Kiboksi chenyewe kinaenea kwenye kiganja. Juu yake wameandika jina lako lote kwa kalamu ya wino, hadi jina la babu. Nilipanda nacho gari kurudi Masakta nimekishika mapajani kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mayai.

Unakumbuka jinsi tulivyobishana mpaka tukaichagua? Msimu mzima! Padre wa misheni alipokuwa anarudi kwao alikuachia darubini yake, kwa sababu ulimtibia ng'ombe miaka yote. Ilikuja na lenzi mbili za kuchungulia, ya milimita ishirini na tano na ya kumi. Kwa ile ya kumi tuliiona sayari ya Mshtarii imekaa kama kidonge cheupe, na mistari yake miwili, na miezi yake minne imejipanga. Mtu mwingine angeridhika. Wewe ukasoma mahali kwamba Mshtarii ina doa jekundu ubavuni, basi, ukawa huna raha. Ukasema hiyo ni ng'ombe mwenye baka, na haiwezekani mtu umetazama ng'ombe miaka arobaini halafu ng'ombe mmoja akufiche baka lake.

Ukamwagiza Faustini alete kutoka Arusha lenzi "inayokuza kuliko zote." Akaleta ya milimita nne. Loh! Nilikasirika. Nilikueleza kwamba namba ikipungua ukuzaji unapanda, kwamba darubini yako kwa ile ya nne inakuza mara mia mbili na zaidi, na kioo chake cha mbele hakiwezi kubeba hayo. Mwanga ni ule ule kidogo. Ukiikuza picha unaongeza maji kwenye uji. Ukanijibu, "Basi mimi uji ninautaka hivyo hivyo mwepesi, mwalimu." Mama alicheka mpaka akaweka sufuria chini.

Na kweli picha ilikuwa mbaya. Mshtarii ilitetemeka kama iko chini ya maji. Nikakuhamisha kutoka uani, kwa sababu joto la mchana lilikuwa linapanda kutoka kwenye mabati na kuvuruga hewa, tukaja hapa kwenye nyasi karibu na zizi. Ikatulia kidogo. Bado ilikuwa giza, na kile kitundu cha kuchungulia ni kidogo hivyo, ilibidi ubandike jicho mpaka kope ziguse kioo.

Hapo ndipo ulipoona uzi.

Kwanza ulifurahi. Ulisema, "Nimeliona baka! Ni jeusi, linatembea." Nikasogea nikatazama, hakuna kitu. Nikakuambia baka halitembei namna hiyo. Kesho yake ukasema siyo baka, ni uzi, uzi mweusi unapita mbele ya sayari, na mwingine mdogo nyuma yake. Nikasema uchafu. Nikaifuta lenzi kwa pamba na spiriti. Ukasema bado. Nikafurahi, Baba. Naliandika neno hilo kama lilivyo, nilifurahi. Uzi wako ulikuwa ushahidi wangu kwamba lenzi ya nne ni takataka na kwamba mimi ndiye niliyekuwa sahihi tangu mwanzo.

Sasa nakuja kwenye lile jambo.

Kuna jaribio. Ni jepesi, nimewafundisha wanafunzi kwa hadubini za maabara miaka yote. Ukiona uchafu kwenye chombo, zungusha lenzi ya kutazamia polepole huku mtu akichungulia. Uchafu ukizunguka pamoja na lenzi, uko kwenye lenzi. Usipozunguka, hauko kwenye lenzi. Uko kwenye jicho la anayetazama.

Jioni ile nililifanya. Ulikuwa umeinama, mkono wako kwenye goti, mimi nikaizungusha lenzi, nikauliza, "Umezunguka?"

Ukasema, "Haujazunguka. Umebaki pale pale, halafu umeelea kushuka."

Nikakuambia hujatazama vizuri.

Hayo ndiyo maneno yangu. Hujatazama vizuri. Nilikuwa nimechoka, nina rundo la mitihani ya kidato cha nne chumbani, lakini hiyo si sababu. Jibu ulilonipa ni lile lile lililo kwenye daftari langu la kufundishia, nami nililitupa kwa sababu lingenifanya nishindwe ubishi. Nikasema tuagize lenzi nzuri, tumalize maneno. Tukakaa na simu yangu, wewe umevaa miwani umeinua kidevu, ukataka ya tano, mimi nikataka ya sita. Ya sita inakuza mara mia na hamsini, inatosha kabisa kwa hewa ya huku kwetu, na kitundu chake ni kikubwa, mtu hapigani nacho. Ukakubali. Ila ukauliza swali moja.

"Hiyo haitakuwa na uzi?"

Nikasema haitakuwa nao. Niliahidi.

Tulipokuwa tunaisubiri, ulianza kupunga mkono mezani ukifukuza nzi ambao sikuwaona. Ulikuwa unakunywa maji kopo baada ya kopo, ukaamka kwenda nje mara nne kwa usiku, mkanda wako ukatobolewa tundu jipya. Mama alisema ni uzee. Mimi nilikuwa nafuatilia mzigo wa lenzi.

Ukaanguka asubuhi langoni mwa zizi, ndoo ya maziwa mkononi. Hospitali walikutoboa kidole, mashine ikashindwa kutoa namba. Sukari ilikuwa imepita inapoweza kusoma. Daktari, mwanamke mdogo kwangu kiumri, mpole, akanivuta pembeni akauliza: "Alikuwa analalamika macho? Anaona vitu vyeusi, kama masizi, kama nyuzi?"

Alisema nyuzi, Baba. Neno lenyewe.

Nikasema, "Hapana."

Mama alikuwa pale ameshika sweta lako. Hakunipinga, kwa sababu habari za darubini zilikuwa zetu wawili. Daktari akaandika. Siku ya tatu ukaondoka, na ile hapana yangu imebaki kwenye karatasi yako mpaka leo. Sijui kama kusema ndiyo kungebadilisha kitu siku hiyo. Nadhani ulikuwa umeshachelewa. Lakini miezi miwili kabla yake hukuwa umechelewa. Ulikuwa umeinama hapa hapa kwenye nyasi unaniambia.

Wiki iliyopita alikuja yule mzee wa Getanuwas, rafiki yako, ametembea tangu alfajiri kuja kutupa pole. Alikaa, fimbo yake magotini. Halafu akasema Bwana Mifugo alikuwa mtu wa kwanza kumfundisha kuvuta ngozi ya chini ya jicho la ndama, atazame kama ndani kuna wekundu au pamepauka, ajue ndigana, ile homa ya kupe, imeingia. Akasema pia kwamba mwaka huu ulikuwa unapapasa. Ulitafuta mshipa kwenye shingo ya dume lake kwa vidole, umegeuza uso pembeni, kama mtu aliye gizani. Yeye aliona. Hajui kusoma hata barua hii, na aliona.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Nakuwazia na mifugo yote ya Gehandu na Getanuwas, ndama kwa ndama, kidole chako gumba chini ya jicho. Nyumbani kwako mwenyewe hakuna aliyekuvuta ngozi ya jicho akatazama.

Juzi nikaamua kuitoa lenzi kwenye kiboksi. Nilijiambia ni heshima tu, mzigo wako usikae umefungwa. Saa mbili usiku hewa ilikuwa imetulia, hata upepo wa mlimani haukuwapo. Nikaitoa ile ya nne. Sijaifuta tena, Baba, kioo chake kina alama ya kope zako, michirizi mitatu midogo. Nikaweka ya sita. Nikainama, mkono kwenye goti.

Nimeliona baka. Ni hafifu, rangi ya udongo wa kwetu mvua ikikauka, limekaa ubavuni kabisa, pale pale ulipolitafuta. Nilitoa sauti. Ng'ombe mweusi akageuka kutazama kitini kwako, siyo kwangu.

Kisha uzi ukapita.

Nakuapia. Ulitoka juu ukapita mbele ya baka taratibu. Nikiutazama unakimbilia pembeni, nikiacha kuutazama unarudi. Nilidhani ni wewe. Nitasema ukweli, nilisema kwa sauti, "Baba?" Halafu mkono wangu ukafanya wenyewe, ukaizungusha lenzi polepole mpaka ikatimiza mzunguko.

Haukuzunguka.

Nilikaa chini kwenye nyasi nikalia mpaka Mama akatoka na tochi akidhani kuna nyoka. Nikamwambia nimeumwa na siafu. Hiyo ni hapana yangu ya pili.

Inawezekana si kitu. Nimesoma kwamba lenzi za kukuza sana humwonyesha kila mtu vinyuzi vilivyomo ndani ya jicho lake, hata mzima. Lakini naona nimeanza kuchagua jibu ninalolipenda, na najua hilo lilitufikisha wapi. Mimi ni mtoto wako. Na mimi siku hizi nakunywa maji sana, au labda nayahesabu sana.

Kwa hiyo ahadi yangu ni hii, na safari hii si ya lenzi. Ugali ukiiva namwambia Mama yote, uzi, jaribio, na nilichomjibu daktari. Atakasirika. Pengine hatanisemesha kama alivyomfanyia Faustini, na mimi si lango la zizi, sijui nitarudishwaje mahali pangu. Kesho asubuhi tunakwenda hospitali sote, yeye, Faustini na mimi, tutobolewe vidole na kutazamwa macho. Nimeshaomba ruhusa shuleni. Yule daktari nikimkuta, nitamwambia alete karatasi yako, nami niseme ndiyo. Alilalamika. Alilalamika kwangu.

Lenzi tuliyochagua ilikuwa sahihi, Baba. Sita. Nitaitumia, na ndama wa mweusi mwenye baka tumempa jina la Mshtarii, utacheka. Ile ya nne naifunga hivi hivi na alama zako, pamoja na barua hii, ndani ya kiboksi chenye jina lako.

Mama ananiita. Lala salama, Bwana Mifugo. Ulitazama vizuri.

Uzi haukuzunguka. Nilikusikia.

Mwanao,
Paskalina