Maelezo ya Festo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mpunga mmeshavuna, au hapo Idete bado mnalinda ndege? Mimi mwili mzima. Huku Ureno baridi inaingia mpaka kwenye meno, lakini hilo si la kukuandikia barua.

Juzi kwenye simu ulisema, "Si wewe unayesomea hayo mambo ya jinai? Njoo umtoe mdogo wako." Nikakujibu kwamba mtandao unasumbua. Haukuwa unasumbua, Mama. Nilishindwa kusema, ndiyo maana naandika.

Siku Festo alipoitwa kituoni, alinipigia mimi kwanza. "Dada, nikaseme nini?" Nilikuwa nimebakiza wiki moja nisafiri, najiona mwanasheria kweli kweli. Nikamwambia, "Sema ukweli wote. Mkweli hana cha kuogopa." Naye, unamjua Festo, akasema wote: kwamba yowe la mwizi wa mpunga lilipopigwa alitoka na fimbo kama kila mtu, akakuta yule kijana aliyeitiwa mwizi anapigwa, na yeye hakumgusa. Maelezo yakaandikwa, akatia saini.

Wenzake walisema hawakuwepo. Mmoja alikuwa kalala na malaria, mwingine kaenda Ifakara kununua mbolea. Wako majumbani kwao. Yule kijana alikufa, naye ana mama yake, na aliyekiri kuwepo, tena na fimbo, ni Festo peke yake.

Mwezi uliopita tulifundishwa makosa ya umati. Mwalimu alisema anayekwenda na wenzake kwa nia moja huhesabiwa ameua pamoja nao, hata kama mkono wake haukugusa. Kwetu sheria ni hiyohiyo. Niliisoma mwaka wa pili, nikafaulu vizuri, nikaisahau siku mdogo wangu alipopiga simu. Nilitoka darasani nikakaa kwenye ngazi, nikalia. Kwetu asiyeitikia yowe la wenzake, siku yake ya kupiga yowe hapati mtu. Festo angebaki ndani vipi?

Nimemwomba wakili mmoja niliyesoma naye ayapitie yale maelezo. Alipomaliza kuyasoma akaniuliza, "Huyu alishauriwa na nani?" Atajaribu, lakini hakunipa tumaini, nami sitakudanganya. Kesi ya mauaji haina dhamana, na hii haijapangiwa hata tarehe. Vitabu navifungua na kuvifunga tu. Nimekata tamaa, Mama. Wa kulaumiwa ni mimi.

Nisalimie shangazi anayekusaidia kupika siku za kwenda gerezani, na baba mdogo katekista, asichoke kutuombea.

Uliniambia Festo alikutuma: "Mwambie dada nilisema vilevile alivyonifundisha, asiwe na wasiwasi." Mama, mimi nikasirikie upendavyo. Ila Jumapili ukienda, usimwambie kwamba nilikosea. Mle ndani hana kingine cha kushika.

Mwanao,
Devota